Ngozi ya Udhiya Iende Wapi? Darsa la Fiqhi na Mnyororo wa Ugavi

Na mwanafunzi wa shahada ya kwanza, Masomo ya Kiislamu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na maswahaba zake.



Kila ikikaribia Idd al-Adh-ha, vikao vyetu hujaa hesabu za bei ya mbuzi, watu saba wa kushirikiana ng'ombe mmoja, na orodha ya familia zitakazopelekewa nyama. Ngozi haizungumzwi mpaka ikishavuliwa. Hapo ndipo mmoja huuliza, "Na hizi tunazipeleka wapi?" Majibu huwa ya haraka: apewe mchinjaji, auziwe anayepita, au zichimbiwe shimo. Darsa letu leo linahusu swali hilo moja, na litapita katika vitabu viwili tofauti: kitabu cha fiqhi, na kitabu cha wenzetu wanaosoma biashara na uhandisi, ambao wanaliita jambo hili mnyororo wa ugavi katika uchumi wa mzunguko. Tutaona kuwa vitabu hivyo viwili vinakubaliana katika jambo moja kubwa: njia ya kurudi hupangwa kabla ya kisu kushuka. Ikiachwa mpaka baadaye, ngozi huharibika, na huenda na ibada ikaingia dosari.

1. Uchumi wa mzunguko ni nini?

Uchumi tuliouzoea ni wa mstari: chukua kutoka ardhini, tengeneza, tumia, tupa. Mwisho wa mstari ni jalala. Uchumi wa mzunguko unataka mwisho wa kitu kimoja uwe mwanzo wa kingine. Taasisi ya Ellen MacArthur, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2010 na ambayo imeeneza sana fikra hii, inaieleza kwa misingi mitatu: taka na uchafuzi viondolewe tangu kwenye usanifu, vitu na malighafi viendelee kuzunguka vikiwa na thamani kubwa iwezekanavyo, na maumbile yapewe nafasi ya kujirudishia uhai wake.

Mnyororo wa ugavi ni safari nzima ya kitu na watu wanaokipokezana: mfugaji, mchuuzi, mchinjaji, msafirishaji, kiwanda, fundi, duka, mnunuzi. Minyororo mingi imesanifiwa iende mbele tu. Mnyororo wa mzunguko unahitaji pia njia ya kurudi, na njia hiyo haijitokezi yenyewe.

Mfano mnaujua nyote. Tazameni kreti ya soda za chupa za kioo. Ukinunua soda dukani na kutaka kuondoka na chupa, mwenye duka atakudai chupa tupu au pesa ya chupa. Gari linaloleta kreti zilizojaa ndilo linaloondoka na kreti tupu. Chupa za soda moja zina umbo moja, hivyo hupangika, huhesabika, huoshwa na kujazwa tena. Katika mfumo huo mna kanuni nne:

Kwanza, kitu kimetengenezwa kikiwa na nia ya kurudi. Pili, usafiri wa kurudi umefungwa na usafiri wa kwenda. Tatu, kila anayekishika ana sababu ya kukirudisha. Nne, kila mtu anajua chupa ni mali ya nani.

Sasa tazameni chupa ya plastiki ya maji. Haina hata moja kati ya kanuni hizo nne katika maduka mengi tunayonunua, ndiyo maana tunaikuta kwenye mitaro wakati wa mvua. Watu ni wale wale na duka ni lile lile, ila usanifu umetofautiana. Tuzishike kanuni hizi nne, tutazirudia.

2. Dalili za kisheria juu ya ngozi

Qur'ani katika Surat an-Nahl, aya ya 80, inataja ngozi za wanyama miongoni mwa neema: watu hujifanyia nyumba nyepesi za safarini kutokana nazo, na sufi na manyoya yao huwa vyombo vya kustarehe kwa muda. Mwenye kutupa kitu ambacho Mola wake amekihesabu kuwa neema, na anao uwezo wa kukitumia, ajiulize yuko karibu kiasi gani na ubadhirifu uliokemewa katika Surat al-Israa, aya za 26 na 27.

Katika Sunna, wamepokea Bukhari na Muslim kisa cha kondoo aliyepewa mtumwa aliyeachwa huru wa Bibi Maimuna, radhi za Allah ziwe juu yake. Kondoo yule alikufa mzoga. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita akauliza kwa nini hawakuchukua ngozi yake wakaidabighi na kunufaika nayo. Walipomwambia kuwa ni mzoga, aliwabainishia kuwa kilichoharamishwa ni kuula. Katika mapokezi ya Abu Daud na an-Nasai yanatajwa hata malighafi ya kazi hiyo: maji na qaradh, ambayo ni matunda ya aina ya mgunga yenye ukali unaokausha na kuimarisha ngozi.

Angalieni kiwango cha maelekezo haya. Ikiwa ngozi ya mzoga haikuachwa ipotee, basi ngozi ya mnyama aliyechinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliye tohara na aliyekusudiwa ibada, inastahiki zaidi kuhifadhiwa.

Dalili ya pili ni hadithi ya Ali bin Abi Talib, radhi za Allah ziwe juu yake, katika Hijja ya kuaga. Ngamia wa Mtume walikuwa mia moja. Kwa mapokezi ya Jabir katika Sahih Muslim, alichinja 63 kwa mkono wake na Ali akakamilisha waliobaki. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Ali aliamrishwa awasimamie ngamia hao, atoe sadaka nyama zao, ngozi zao na hata matandiko waliyofunikwa, na asimpe mchinjaji chochote katika hivyo kama ujira. Ujira wa mchinjaji ulitoka katika mali yao wenyewe.

Soma tena hadithi hiyo kwa jicho la mtu wa ugavi. Kuna msimamizi aliyeteuliwa kabla ya kazi. Kuna orodha ya kila kinachotoka kwa mnyama. Kila kitu kimetajiwa mwelekeo. Na gharama ya kazi ina fungu lake, haikatwi katika kinachozunguka.

3. Ngozi ni ya nani? Hapa ndipo penye uzito

Wengi wetu katika nchi hizi tunafuata madhehebu ya Imam Shafi'i, Mwenyezi Mungu amrehemu. Msimamo wa madhehebu, kama alivyoufafanua Imam an-Nawawi katika al-Majmu', ni kwamba mwenye udhiya haruhusiwi kuuza ngozi yake, wala kumpa mchinjaji kama malipo. Anaweza kuitumia mwenyewe au kuitoa sadaka. Ikiwa udhiya ni ya nadhiri, ngozi hutolewa sadaka pamoja na nyama. Mahanafi wameruhusu kuibadilisha kwa kitu kinachotumika kikiwa kimebaki chenyewe, na akiiuza kwa pesa, thamani yake aitoe sadaka. Iko pia hadithi aliyoipokea al-Hakim yenye makemeo kwa mwenye kuuza ngozi ya udhiya yake. Wanazuoni wameizungumzia isnadi yake, lakini hukumu inasimama pia juu ya hadithi ya Ali.

Kwa hiyo kamati inayokusanya ngozi za wanafunzi na kuziuza ili ilipe visu, gari na mchinjaji imeingia katika lile lile lililokatazwa, hata kama nia ilikuwa kuokoa gharama. Kamati ni wakala wa wenye udhiya. Wakala hana ruhusa zaidi ya aliyemtuma.

Je, basi hakuna njia ya ngozi kufika kiwandani? Ipo, na fuqahaa wameifungua. Fakiri akishapewa, amemiliki. Akishamiliki, anaweza kuuza. Tajiri anapewa ale na akirimu, lakini fakiri anapewa milki kamili. Basi mlango ni huu: ngozi imilikishwe fakiri kwanza, au walii wa yatima kwa niaba yake. Kisha mafakiri hao, kwa hiari yao, waiwakilishe kamati iwauzie kwa pamoja, kwa sababu mwenye ngozi 60 husikilizwa bei kuliko mwenye ngozi moja. Gharama ya usafiri ikikatwa baada ya hapo kwa idhini yao, imekatwa katika mali yao kwa ridhaa yao. Pesa inayobaki ni yao.

Tofauti inaweza kuonekana ndogo kwa sababu ngozi ni ile ile, gari ni lile lile na mnunuzi ni yule yule. Lakini katika njia ya kwanza maskini amepata kinachobaki baada ya kamati kujilipa, na katika ya pili maskini ndiye mwenye mali na kamati ndiyo mtumishi wake. Hiyo ndiyo kanuni ya nne ya kreti ya soda: kila mtu ajue ni mali ya nani. Fiqhi inaongeza neno moja: ajue tangu mapema.

Ushauri wa kivitendo: majina ya watakaomilikishwa yaandikwe siku kadhaa kabla ya Idd, pamoja na karatasi fupi ya wakala. Suala la kuelekeza pesa za ngozi kwenye rangi ya msikiti au mazulia lisiamuliwe na sisi wanafunzi. Liulizwe kwa shekhe wa eneo, kwani asili ni kumpa fakiri.

4. Saa chache za mwanzo

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Ngozi nayo ni hivyo hivyo. Mara inapovuliwa, vijidudu vinaanza kazi, na katika joto letu saa chache tu zinatosha kuiharibu. Dalili ya kwanza ni manyoya kung'oka yakivutwa. Ikifika hapo, hakuna kiwanda kitakachoirudisha.

Mambo ya kuzingatia ni haya:

Kuchuna. Tundu la kisu ni hasara ya kudumu. Kwa mbuzi na kondoo, mchunaji hodari hupasua kwa kisu mwanzoni tu, kisha huitenganisha ngozi na nyama kwa ngumi. Kwa ng'ombe, kisu chenye ncha ya mviringo ni salama kuliko chenye ncha kali.

Kusafisha. Damu na kinyesi vioshwe, mafuta na vipande vya nyama viondolewe, kisha maji yaachwe yachuruzike kivulini.

Kutia chumvi. Ngozi itandazwe upande wa nyama ukiwa juu, chumvi ya chembechembe isambazwe mpaka pembeni na kwenye mikunjo ya miguu. Kiasi cha kawaida ni kama asilimia 35 hadi 40 ya uzito wa ngozi mbichi. Ngozi zipangwe moja juu ya nyingine mahali penye mteremko ili maji ya chumvi yatoke. Zisifungwe kwenye mfuko wa plastiki, kwani joto na unyevu vitazioza.

Sasa hesabu. Tuchukue mfano wa jumuiya inayochinja mbuzi 40 na ng'ombe 6. Tukadirie ngozi mbichi ya mbuzi ni kilo 2 na ya ng'ombe ni kilo 20. Mbuzi watatoa kilo 80, ng'ombe kilo 120, jumla kilo 200. Kwa asilimia 35 tunahitaji kilo 70 za chumvi. Magunia mawili ya kilo 50 yatatosha, na ya ziada itabaki kwa kurudia baada ya siku kadhaa. Gharama ya magunia hayo ichangwe pamoja na mchango wa mnyama, kama tunavyochanga ujira wa mchinjaji. Jumuiya inayokumbuka chumvi alasiri ya Idd, wakati maduka mengi ya Waislamu yamefungwa, imeshachelewa.

Na ujira wa mchunaji? Hapa hadithi ya Ali inakutana na kanuni ya tatu ya kreti. Mchunaji anayelipwa kwa kichwa hukimbilia mnyama anayefuata, hana sababu ya kuihurumia ngozi. Basi tuongeze bakhshishi ndogo kwa kila ngozi isiyo na tundu, kutoka mifukoni mwetu. Sheria imesalimika kwa kuwa hajalipwa kwa ngozi, na ngozi imesalimika kwa kuwa sasa ana sababu ya kuitunza. Kama mchunaji mwenyewe ni maskini, anaweza pia kupewa ngozi kama sadaka baada ya kulipwa haki yake kamili.

5. Siku nne, si asubuhi moja

Tatizo kubwa la minyororo ya kurudi ni kwamba vitu havirudi kwa utaratibu. Mwaka mzima ngozi za udhiya hazipo, kisha zinamiminika zote kwa siku moja. Wachunaji hawatoshi, magari hayatoshi, wanunuzi hushusha bei.

Sheria yetu imeacha nafasi hapa. Kwa Mashafi'i, wakati wa kuchinja unaanza baada ya kuchomoza jua siku ya 10 Dhulhijja kwa kadiri ya muda wa swala na hotuba mbili, na unaendelea mpaka kuzama kwa jua siku ya 13. Siku ya kwanza ni bora, lakini jumuiya yenye wanyama wengi na wachunaji wawili inaweza kugawa kazi kwa siku mbili au tatu. Ngozi zitachunwa kwa utulivu, na hata nyama itawafikia majirani kwa siku zaidi ya moja.

Mfano mkubwa wa kupanga tumeuona Makka. Nyama nyingi ya mahujaji ilikuwa ikipotea kwa sababu wanyama ni wengi, siku ni chache na walaji wa karibu hawatoshi. Mwaka 1983 Saudi Arabia ilianzisha mradi wa kunufaika na nyama za hadyi na udhiya, chini ya usimamizi wa Benki ya Maendeleo ya Kiislamu. Hujaji hununua hati mapema, machinjio yanafanya kazi kwa niaba yake, na nyama hugawiwa mafakiri wa Haram na kupelekwa nchi nyingine za Waislamu. Siri ya mradi iko katika ile hati. Idadi ikijulikana mapema, majokofu na usafiri hupangwa mapema. Hata sisi tunaweza kuwa na hati zetu: daftari la udhiya lifungwe wiki moja kabla, sio usiku wa kuamkia Arafa.

6. Kutoka kiwandani hadi miguuni

Hapa Uganda, Jinja, takriban kilomita 80 mashariki ya Kampala, ni mji unaojulikana kwa kiwanda cha ngozi. Kabla ya Idd, mjumbe wa kamati awasiliane na mnunuzi au kiwanda: wanapokea ngozi za mbuzi? Zenye chumvi au zilizowambwa zikakauka? Wana gari linalopita njia yetu? Lori lililoleta mifugo mjini mara nyingi linarudi tupu, na hiyo ndiyo kanuni ya pili ya kreti.

Tusidhani kuwa ngozi ikifika kiwandani mzunguko umekamilika. Tani moja ya ngozi mbichi hutoa takriban kilo 200 hadi 250 tu za ngozi iliyokamilika. Kinachobaki ni mabaki na maji machafu. Vipande vinaweza kuwa gundi na jelatini. Ngozi nyingi duniani hutengenezwa kwa chumvi za kromiamu kwa kuwa ni haraka, na maji yake yasiposafishwa yanadhuru mito na maziwa. Njia ya magome na matunda ya miti, jamaa ya ile qaradh ya hadithi, ni ya polepole zaidi, nayo pia inataka maji yake yasafishwe. Kanuni yetu ya fiqhi inasema hakuna kudhuru wala kudhuriana. Kuokoa ngozi kwa kumwaga sumu ziwani ni kuhamisha taka, si kuiondoa.

Si lazima kila ngozi ipande gari. Palipo na desturi ya kumchoma mbuzi na kumla na ngozi yake, hakuna kilichopotea. Ngozi nyembamba za mbuzi zinatakiwa na waambaji wa matari na madufu. Mwenye udhiya anaweza kubaki na yake akaifanya mswala, kwani kuitumia mwenyewe ni halali.

Na mzunguko ulio mfupi kuliko yote ni kukarabati. Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akishona viatu vyake mwenyewe nyumbani. Kiatu cha ngozi kilichoshonwa kinaweza kufumuliwa na kubadilishwa soli. Kilichobandikwa gundi juu ya plastiki kikifunguka kinatupwa. Unaponunua khofu au makubadhi, uliza jinsi yalivyoungwa. Nawe pia uko ndani ya mnyororo.

7. Muhtasari wa kamati

Wiki mbili kabla: teua msimamizi wa ngozi peke yake. Zungumza na mnunuzi na shekhe.

Wiki moja kabla: funga daftari la udhiya. Andika majina ya mafakiri na karatasi za wakala. Nunua chumvi. Kubaliana ujira na bakhshishi ya mchunaji.

Siku za kuchinja: hesabu ngozi, milikisha, osha, tia chumvi, panga kivulini.

Baada ya Idd: safirisha, uza kwa niaba ya wenyewe, wakabidhi pesa kwa saini, na usome hesabu hadharani baada ya swala ya Ijumaa.

Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Surat al-Hajj, aya ya 37, kuwa nyama na damu hazimfikii, bali kinachomfikia ni uchamungu wetu. Uchamungu huo unaonekana pia katika kinachobaki chini ya mti baada ya nyama kugawiwa: kimeachwa kinuke, au kimemfikia mwenye haki yake.

Maswali ya halaqa

1. Kamati imeuza ngozi ili ilipe gari la nyama. Kosa liko wapi, na lingerekebishwa vipi kabla ya Idd?

2. Tumieni kanuni nne za kreti kuchunguza chupa za maji katika hafla zetu za iftari. Ipi inaweza kuanza Ramadhani ijayo?

3. Jumuiya yenu ina wanyama wangapi kwa kawaida? Pigeni hesabu ya chumvi yake.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azikubali ibada zetu na atujaalie tuwe waaminifu katika kidogo na kikubwa. Wallahu a'lam.

Wabillahi tawfiq.